Jogoo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hapigi simu ya salamu. Akipiga kabla ya saa moja asubuhi, ujue kuna kazi.

"Baba Salma, nimeambiwa utapita Singida."

"Shikamoo mama. Ndiyo, nitapita."

"Marahaba. Niletee jogoo. Wa kienyeji, siyo hawa chotara. Ukileta chotara nitamjua." Akakata kabla sijamuuliza jogoo ni wa shughuli gani.

Nilikuwa nimejipangia siku tano za kuzunguka: treni kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, basi hadi Singida, kisha Babati, Arusha na Moshi, mwisho Marangu kwa wakwe. Kichwani nilikuwa na swali la bucha. Mtaani kwetu kuna bucha ya ng'ombe, ya pili yake inauza mbuzi, mbele kidogo kuna banda la kuku, na ukikata kona unakutana na baa ya kitimoto. Watu wale wale wanazipita zote nne kila jioni, pesa zao zinakaribiana, lakini kila mmoja ana pake pa kuishia. Ukiwauliza sababu wanakujibu neno moja: bei. Niliondoka Dar nikiliamini jibu hilo, angalau nusu yake.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, nilifika machinjio ya Vingunguti nikakuta nimechelewa. Ng'ombe walikuwa wameshakuwa nyama. Wengi wao hupitia mnada wa Pugu, wakiwa wametoka Shinyanga, Tabora, Singida au Manyara, siku mbili tatu ndani ya lori. Ni hawa hawa ng'ombe wetu wenye nundu, wembamba, waliotembea sana maishani mwao, na nyama yao inakwambia hivyo ukianza kuitafuna. Nje ya geti pikipiki zenye makasha ya bati zilikuwa zinasukumana, kila moja inawahi bucha yake kabla jua halijapanda. Mapaja yalikuwa na mhuri wa bwana afya, wino wa zambarau uliosambaa kidogo kwenye mafuta.

Nilimfuata mwenye bucha mmoja hadi Tabata. Alitundika mapaja mawili kwenye ndoano, akafuta kioo, akapanga maini na figo kwenye sinia, akawasha balbu yake nyekundu. Nyuma yake kulikuwa na friji kubwa, nzima, inayounguruma. Nilidhani humo ndimo anamohifadhi akiba. Akaifungua kunionyesha: soda, maji ya chupa na sahani ya kachumbari.

"Nikimtolea mteja nyama kutoka humu, hata kama nimeiingiza saa moja iliyopita, ataniambia ni ya juzi," alisema. "Anataka aione inaning'inia. Ikiwa bado ina joto, hata bei haulizi."

Wataalamu wa nyama watakwambia kinyume chake: nyama iliyopozwa na kukaa siku kadhaa kwenye baridi huwa laini zaidi na salama zaidi. Ni kweli, na mteja wa Tabata hana shida na ukweli huo. Shida yake ni kwamba friji inaficha umri. Nyama ya moto ina cheti chake chenyewe. Anaigusa kwa kidole, ananusa, anaondoka. Jirani zetu wa Nairobi walipata somo hilo Julai 2019, pale taarifa ya uchunguzi ya televisheni ilipoonyesha jinsi nyama ya baadhi ya supamaketi ilivyokuwa ikitiwa kemikali ibaki nyekundu siku nyingi. Watu waliokuwa wamezoea vifurushi vya plastiki walirudi kwa muuza bucha wa mtaani, yule yule mwenye nzi wawili na gogo la kukatia.

Nilikaa pembeni ya kioo kwa saa moja na nusu, nikihesabu. Kilo ilikuwa shilingi 11,000 mchanganyiko, steki ikizidi kidogo. Walionunua kilo nzima walikuwa wachache. Wengi walitaka nusu, wengine robo, na karibu wote walisema kitu kimoja: "Niwekee na mfupa." Nikamuuliza mama mmoja mwenye kanga ya kijani kwa nini analipia mfupa bei ya nyama.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatia chumvi. "Steki wanakula wawili, imeisha. Mfupa unakula na majirani."

Nimeirudia hesabu yake mara nyingi tangu siku hiyo. Anachonunua yule mama ni mchuzi. Nyama ni kitu kinachoupa mchuzi jina. Kwa miaka mingi Wizara ya Mifugo imekuwa ikitaja ulaji wa nyama nchini kuwa karibu kilo 15 kwa mtu kwa mwaka. Ukigawa kwa siku unapata gramu 40 hivi, kipande kimoja cha mshikaki, tena cha kibishi. Na hii ni nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, miongoni mwa nchi zenye mifugo mingi kabisa Afrika. Bei ikipanda, mama yule hahamii kwenye kuku wala mbuzi kama vitabu vya uchumi vinavyopenda kuchora. Anahamia kwenye dagaa, au anabaki na ng'ombe yule yule kwa kushuka ngazi: kutoka mchanganyiko kwenda utumbo, kutoka utumbo kwenda kongoro. Mnyama habadiliki, anashukiwa tu kutoka mgongoni hadi kwatoni.

Kuhusu treni sina mengi. Reli mpya ilianza kutufikisha Dodoma Julai 2024, na safari iliyokuwa inakula siku nzima sasa inaisha kabla hujamaliza gazeti. Ni safi, ina baridi, inawahi. Ila sikuona mtu akipanda na tenga la kuku, na hakuna dirisha la kufungua ukanunua paja la kukaanga kwa mama aliyebeba beseni kichwani. Abiria wa mbele yangu alikula biskuti kutoka Dar hadi Dodoma. Nilimhurumia.

Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato, nje kidogo ya Dodoma kwenye barabara ya kwenda Arusha. Ukishuka kwenye daladala huhitaji kuuliza njia, fuata moshi. Upande mmoja watu wanauza mbuzi hai, mitumba, sufuria, kamba za katani. Upande wa pili mioto imezungushiwa vijiti vilivyochomekwa ardhini vikiinamia makaa, kila kijiti na mguu wake au mbavu zake. Mafuta yanadondoka, moto unaruka, kijana anaurushia maji kwa kikopo.

Unachagua kwa kidole. Huo mguu. Hapana, ule. Mchomaji anaukatakata kwenye ubao, chumvi kando, pilipili kando, ndimu, ugali mdogo mgumu. Hakuna sahani ya mtu mmoja pale, nilijaribu kuagiza peke yangu nikaulizwa, "Wenzako wako wapi?" Mbuzi ni mnyama wa kikundi. Nadhani hiyo ndiyo siri yake kubwa, na ni siri ya ukubwa wa mwili. Ng'ombe ukimchinja unahitaji soko zima, au friji. Kuku anawatosha watu wa sufuria moja. Mbuzi anawatosha watu kumi hadi ishirini, kwa jioni moja, bila kubaki kitu cha kuoza. Kwa hiyo kila palipo na shughuli ya watu ishirini, yaani kikao cha harusi, kumaliza msiba, kumpongeza aliyepandishwa cheo, anayekufa ni mbuzi. Kilo yake ni ghali kuliko ya ng'ombe na hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna anayelipa peke yake.

Mchomaji wangu alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu juani. Alinipa kalenda ya biashara yake bila kuombwa. Bunge likikaa, hasa miezi ya bajeti, anaongeza vijiti. Bunge likiahirishwa, anapunguza. Tangu serikali ihamie Dodoma wateja wa wikiendi wameongezeka, watu wa ofisini wenye magari, wanaotaka mbavu tu. Ramadhani mchana hakuna kitu. Kwaresima Ijumaa zinapoa, wanarudi Jumamosi na njaa zao. Na mbuzi wadogo, wale laini, wanazidi kuwa adimu mnadani kwa sababu wanunuzi wa machinjio yanayosafirisha nyama kwenda nchi za Ghuba wanawataka hao hao: mzoga mwepesi, wa mbuzi mchanga, kama wanavyoupenda kule. "Sisi tunaachiwa mabeberu," alisema, akageuza mguu mmoja. Basi mtu wa Oman ambaye hajawahi kuisikia Msalato anaketi nasi kwenye benchi lile, na anakula kabla yetu.

Nikamuuliza mwaka gani ulikuwa mbaya kuliko yote. Hakufikiri hata kidogo.

"Mwaka wa homa. Elfu mbili na saba."

Homa ya Bonde la Ufa ilianza kuua watu kaskazini mashariki mwa Kenya mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, na mapema 2007 ikaingia kwetu. Waliothibitika au kushukiwa sana kuugua Tanzania walipita 300 na karibu nusu yao walikufa. Mkoa wa Dodoma ndio ulioumia zaidi. Ugonjwa huo unatoka kwa wanyama, kupitia mbu na kupitia damu ya mnyama mgonjwa, kwa hiyo waliokuwa hatarini hasa ni wachungaji na wachinjaji. Nyama iliyoiva sawasawa haikuwa na neno. Lakini nani anakwenda kubishana na hofu kwa kuielezea joto la sufuria? Mabucha yalifungwa au yakakosa watu. Kuku na samaki wakapanda bei. Ng'ombe aliyekuwa akiba ya familia akawa mzigo zizini.

"Nilikaa miezi sijawasha moto," mzee alisema. "Tulikula mlenda. Mimi, mtu wa nyama, mlenda asubuhi, mlenda jioni." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la aibu: "Na waliporudi, hawakurudi wote. Wengine walizoea."

Hapo jibu langu la bei lilichanika upande mmoja. Mwaka ule nyama ya ng'ombe ilikuwa rahisi na watu waliikataa.

Jumapili nikachukua basi la Singida, kupitia Bahi na Manyoni. Pembeni yangu alikaa kijana anayekaanga chipsi Dar, anakwenda kumwona mama yake. Alikuwa msemaji, na nilifaidika. Anauza kuku wa kisasa tu. Nikamtania kwamba hawana ladha, ni kama kutafuna sponji.

"Sawa kaka," akasema, "lakini wewe ukifika kwangu saa mbili usiku, mpira unaanza saa tatu, utasubiri dakika ngapi?"

"Kumi na tano."

"Basi umeshachagua kuku."

Kuku wa kisasa anafika sokoni baada ya wiki tano hivi. Mifupa yake haijakomaa, nyama yake haijawahi kukimbia, anaiva kwenye mafuta ndani ya muda wa kumenya viazi. Wa kienyeji unamchemsha kwanza, saa nzima au zaidi, ndipo umfikirie kumkaanga. Kijana alinipigia hesabu ya gesi na mkaa kwa vidole, akifungua na kufunga kiganja: mkaa wa kumchemsha kienyeji mmoja unakaanga broila sita. Sikuwa na namna ya kuhakikisha ile sita, ila mwelekeo wake naukubali. Tunapozungumzia mapenzi ya watu kwa nyama fulani mara nyingi tunasahau kuwauliza wanapika kwa kutumia nini. Supu ya kongoro inayochemka usiku kucha ni chakula cha mtu mwenye jiko la kuni na muda, au cha mtu anayenunua kwa bakuli kutoka kwa aliye navyo.

Kuna mlango mwingine uliomfungulia kuku huyu njia, nao ni wa sheria. Mwaka 2006, homa ya mafua ya ndege ilipotisha dunia, Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kuku kutoka nje, na hadi leo Bara hatuoni makatoni ya mapaja ya barafu kama dada yangu aliyeolewa Unguja anavyoyaona, kuku wa Brazil wa bei nafuu aliyevuka bahari. Mwishoni mwa Oktoba 2017 maofisa walivichoma moto vifaranga 6,400 pale Namanga, vilivyoletwa kutoka Kenya bila kibali. Picha zile zilizunguka sana na Wakenya walikasirika, kwa haki yao. Lakini mfugaji wa broila wa Kibaha anayeuza kuku 200 kwa mwezi anaishi nyuma ya ukuta ule. Ladha ya kuku wa Dar na ladha ya kuku wa Unguja zimeachana pale bandarini, wala si jikoni.

Singida ni mji wa mawe makubwa na maziwa mawili, Singidani na Kindai, na alizeti kila upande ukikuta msimu wake. Ni mji wa kuku pia. Jina la kuku wa Singida linauzwa Kariakoo na bei yake inapanda kwa jina tu. Wauzaji walikuwa wamekaa kwenye kivuli, matenga mbele yao. Nilijitahidi nionekane mjuzi. Nilimnyanyua jogoo kwa miguu, nikampima kidari kwa dole gumba, nikamtazama kucha ya nyuma kama ni ndefu, nikampuliza manyoya. Yote haya nilimwona baba yangu akiyafanya Tanga nilipokuwa mdogo, na sikuwahi kujua alikuwa anatafuta nini. Nilichojua ni kwamba yule kuku akishaiva, firigisi ni yake. Sisi watoto tulipewa shingo na mabawa na maelezo kwamba mtoto akila firigisi atakuwa mkaidi.

"Huyu ni wa kijijini kabisa," muuzaji aliniambia. "Hajui pumba ni nini. Anakula panzi."

Alikuwa mwekundu, mrefu, jicho kali. Aliniambia 28,000, nikalipa 25,000. Kwa pesa ile ningepata broila watatu Dar na chenji ya daladala. Mbele yangu dereva wa lori alinunua watano bila kupepesa. Nilimuuliza anawapeleka wapi. Mmoja wa mke, mmoja wa mama, watatu wa bosi. "Bosi nikimpelekea broila nitakuwa nimemtukana," alisema.

Hapo ndipo mambo yakaanza kunikaa. Kuku wa kienyeji ni mgumu, ana mifupa, anakula mkaa, na kwa uzito anauzwa ghali kuliko nyama zote nilizoziona njiani. Ukiwauliza wanunuzi watasema ladha, watasema hana dawa, watasema asili. Nakubali supu yake haina mpinzani. Lakini watu hao hao wakiwa peke yao wanakula chipsi kuku. Kienyeji ananunuliwa kwa ajili ya mtu mwingine: mgeni, mzazi, aliyejifungua, mgonjwa, bosi. Mkononi mwa anayepokea, ule ugumu ndio ujumbe wenyewe. Yeyote anaweza kukuletea kitu laini.

Nilimfunga jogoo kwenye tenga na Jumatatu tukapanda basi la Arusha pamoja, yeye chini ya kiti. Katesh tulisimama kidogo. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu, na basi zima lilinyamaza, kama watu wanavyonyamaza pale tangu maporomoko ya Desemba 2023. Jogoo ndiye aliyewika. Kondakta akasema huyo ni wa kienyeji kweli, nikajisikia vizuri.

Arusha nililala kwa rafiki yangu wa zamani, Mkristo, ambaye ana tabia ya kuniambia tunakwenda kupata soda halafu najikuta kwenye baa ya kitimoto. Mimi sili, lakini nakaa. Nimekaa kwenye meza hizo miaka kumi na tano na nimekuwa mtaalamu wa harufu. Nyama ya nguruwe watu wanaiita kitimoto, wengine mdudu, wengine mkuu wa meza. Nyama yenye majina ya utani mengi kiasi hicho ina jambo inalolificha, na jambo hilo ni jiko.

Tazama mtu anavyokula kitimoto mijini. Hanunui mbichi akaenda nayo nyumbani. Anaagiza kilo au nusu, inakaangwa pale pale, inakuja kwenye sinia na ndizi na kachumbari na pilipili, wanaimaliza, wananawa mikono mara mbili. Nyumba nyingi za kupanga mijini zina korido moja, wapangaji sita, majiko yamepangana milangoni. Mpangaji wa chumba cha tatu ni Mwislamu, mwenye nyumba ni Mwislamu, sufuria zinaazimana. Ukikaanga nguruwe pale umeharibu ujirani wa miaka. Kwa hiyo biashara ya kitimoto imejengwa juu ya meza ya nje: inakuuzia nyama pamoja na mahali pa kuilia. Pwani hasa, jambo hili limewahi kufika pabaya. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam, na Februari 2013 mzozo wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uliua mtu Buseresere, Geita. Watu hawafi kwa ajili ya protini. Lakini siku hizi, mwaka hadi mwaka, wengi wameupata mpangilio wao: wewe kule, mimi hapa, soda yangu mezani kwako.

"Bei je?" nilimuuliza rafiki yangu.

"Inalingana na mbuzi choma, wakati mwingine inaizidi." Alichovya kipande kwenye chumvi. "Ila mbuzi choma mke wangu anakula. Hii ni ya kwetu wanaume wa Jumatatu."

Jumanne mchana nikapanda Marangu. Migomba, mfereji wa maji, baridi inayokuja na kivuli. Watoto wa shemeji walikimbilia tenga kabla ya kunisalimu. Mama mkwe alitoka jikoni, mikono ina unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mlete nimwone."

Hakumnyanyua kwa miguu kama mimi. Alimkumbatia kwapani, akamfunua manyoya ya shingo, akatazama ngozi. Akashika mguu mmoja, akaupima unene kwa vidole viwili. Akaminya kidari mara moja. Ilimchukua muda wa kupiga chafya.

"Chotara," alisema. "Mguu huu ni wa Sasso. Kijijini alipita tu, kama wewe."

Nilijitetea: kucha ya nyuma, rangi, jicho, alivyowika Katesh. Alinisikiliza kwa adabu yote. Kuku hawa wa damu mchanganyiko, Sasso na Kuroiler, wamesambaa vijijini kwa vifaranga vya mkopo na vya miradi. Wanakua haraka, wanavumilia kuliko broila, na kwa mbali wana sura ya kienyeji. Sokoni wanauzwa kwa bei ya jina wasilolibeba. Si ajabu. Kitu kikinunuliwa kwa ajili ya maana yake, mtu ataibuka wa kukiiga sura.

Hapo ndipo nilipojua jogoo alikuwa wa nani. Kesho yake wangekuja wageni wa posa ya shemeji yangu mdogo, na mbuzi wa shughuli alikuwa ameshafungwa nyuma ya nyumba, kila kiungo chake kina mwenyewe kwa mila zao, hakuna wa kubahatisha. Jogoo alikuwa wa usiku ule. Wa mkwe aliyetoka mbali. Nilikuwa nimetumwa nijinunulie heshima yangu mwenyewe, na nikauziwa bandia.

Jua lilipoanza kushuka alimtuma mtoto kwa mzee wa msikiti wa chini. Amefanya hivyo kila nikija, tangu mwaka niliooa. Kwenye nyumba ya Kilutheri yenye picha ya Yesu sebuleni, hakuna mnyama anayekula kisu siku niliyopo bila yule mzee kuitwa. Alikuja na kisu chake kwenye gazeti, akaelekea kibla, akasoma, akamaliza. Mama alimpa mkungu mdogo wa ndizi na wakaulizana habari za magoti.

Jogoo aliiva kwa dakika hamsini. Mama alifunua sufuria, akakiinua kipande kwa mwiko, nyama ikaachia mfupa yenyewe. Akanitazama. Hakusema kitu, na sikuomba aseme. Watoto walisema ni mtamu kuliko wa siku zote kwa sababu hawasumbuki kutafuna, wakanyamazishwa.

Sahani yangu ilipofika, pembeni ya ndizi na mchuzi, firigisi ilikuwa juu. Nzima, haijakatwa.

"Kula, baba," alisema. "Hiyo haina chotara."